Mwalimu wa Wenye Magurudumu

Mwalimu alikuwa hawezi kupita dimbwi. Wengine wana udhaifu wa pombe, wengine wa kanzu mpya. Udhaifu wake yeye ulikuwa maji yaliyosimama. Mnatembea naye kutoka sokoni Iringa, mnazungumza habari za maana kabisa, pengine za jirani aliyefiwa, ghafla unajikuta unaongea peke yako. Ukigeuka unamwona amechuchumaa kando ya barabara, soksi zake ndefu zimeshuka hadi kwenye viatu, ameinamia maji ya tope yaliyobaki katika alama ya tairi la lori, kama mtu aliyeangusha pete. Kiunoni alining'iniza vichupa vya dawa ambavyo dawa yake ilikwisha zamani. Alichota, akafunga kizibo, akainua kichupa kwenye mwanga, kisha akasimama na kujikung'uta magoti.

"Enhe," alisema, "ulikuwa unasema watazika wapi?"

Nilipanga chumba cha nyuma nyumbani kwake katika miaka ya hamsini, nilipokuwa karani wa tiketi katika kampuni moja ya mabasi. Nilikuwa nimemaliza sekondari, kijana mwenye shati jeupe na miguu isiyotulia. Niliacha kazi, nikaenda mashamba ya chai, nikarudi. Nikaacha tena, nikaenda kwenye tumbaku, nikarudi. Kila niliporudi chumba kilikuwa kinaningoja, isipokuwa kwamba juu ya kitanda palikuwa na mitungi ya glasi. Mitungi hiyo Mwalimu aliipata kwa Mhindi mwenye duka pale kona, aliyemwekea kila mtungi uliokwisha achari. Baadhi ya wanyama wa Mwalimu, nina hakika, walikufa kwa pilipili.

Sitalitaja jina lake. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, ingawa walimu wengine walikuwapo, nao walilazimika kuitwa kwa majina yao. Alikuwa Mnyakyusa aliyeoa Mhehe wa Kalenga, na mkewe tulimwita Mama Atupele kwa jina la binti yao. Alifundisha sayansi, na wanafunzi wake walisema kwamba somo lolote alilolianza, hata la sumaku, liliishia majini.

Ndani ya vile vichupa mlikuwa na wanyama. Sisemi viluwiluwi wala mabuu ya mbu. Hao aliwaita ng'ombe, kwa ukubwa wao. Aliowatafuta ni wadogo kuliko punje ya mchanga, hawaonekani ila kwa hadubini, ile darubini ya kutazamia vitu vidogo. Vitabuni wanaitwa rotifera. Yeye aliwaita wenye magurudumu, na ukitazama unaelewa kwa nini. Kichwani mnyama huyu ana taji la nywele nyembamba mno, zinazopepea kwa zamu, unywele mmoja ukifuata mwingine, kwa kasi inayofanya jicho lako liape kwamba limeona magurudumu mawili yakizunguka. Hayazunguki. Ni nywele tu. Lakini nywele zinavuta maji, maji yanaleta chakula, chakula kinashuka kooni, na kooni kuna kitu ambacho Mwalimu alikipenda kuliko vyote: kinu. Ni taya ngumu zinazosagana ndani ya mwili ulio angavu kama kioo, unaziona kabisa, na hazipumziki. Chini yake kuna tumbo. Chini ya tumbo kuna mguu mmoja wenye vidole viwili na gundi yake yenyewe, ili mnyama ajishikize mahali na asichukuliwe na maji wakati anakula.

"Mguu mmoja, vidole viwili," alikuwa akiniambia, "na bado anakaa mahali pamoja kuliko wewe."

Hadubini yenyewe ilikuwa ya shaba, aliachiwa na daktari mmoja wa misheni aliyerudi kwao. Haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo cha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo meza yake ilikaa dirishani, na wingu likipita utafiti ulisimama. Mama Atupele alijua hali ya hewa bila kutoka jikoni. Akimsikia mumewe anaguna, alikwenda kuanua nguo.

Alikuwa na misemo yake, na mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: "Taya kwanza." Maana yake ni kwamba, ukitaka kumjua mwenye magurudumu ni wa ukoo gani, usidanganywe na umbo la nje. Wapo waliovaa gamba gumu linalopitisha mwanga, wenye miiba kwenye pembe zake, na wapo walio uchi wanaotambaa kwa kujivuta kama ruba. Wapo wenye jicho moja jekundu, wapo wenye mawili, wapo wasio nalo. Hayo yote ni mavazi, alisema. Nenda kooni. Kuna wanaosaga, kuna wanaobana kama koleo, na kuna wanaotoboa wenzao na kuwanyonya. Ukishajua mtu anakulaje, umeshamjua nusu.

Tatizo ni kwamba hakuishia kwa wanyama. Mtaa mzima aliupanga kwa taya. Mchungaji alikuwa wa kusaga. Mkuu wa shule alikuwa koleo. Mimi aliniweka kwenye watoboaji: "Unaingiza mdomo, unanyonya kidogo, unahamia kwingine." Wanawake wa bombani walikuwa wakimngoja apite.

"Mwalimu! Mimi nasaga au nabana?"

"Siwezi kusema, mama, mpaka nikuone unakula."

"Basi lete nyama unione!"

Alicheka nao, lakini najua kwamba nyama ingeletwa, angekaa pale na kutazama kwa makini.

Mgawanyo wake wa pili ndio uliompa sifa mtaani. Kuna wenye magurudumu ambao jike lao lina vifuko viwili vya mayai, na kuna wenye kifuko kimoja. Wale wa vifuko viwili hawana madume. Siku aliyoeleza jambo hilo, Mama Atupele alikuwa anachambua mchicha mlangoni na jirani yake, mama mmoja Mswahili mwenye asili ya pwani, muuza vitumbua.

"Hata mmoja?" aliuliza yule jirani.

"Hajapata kuonekana hata mmoja, duniani kote. Mama anazaa binti, binti anazaa binti."

"Na wanaishi?"

"Wanaishi vizuri sana."

"Unasikia, shoga?"

"Nasikia," alisema Mama Atupele. "Nani anawapasulia kuni?"

"Hawapiki," alisema Mwalimu.

"Ndiyo maana wanaishi vizuri."

Mtu aliyejua tofauti ya vidole vya mnyama asiyeonekana alikuwa hawezi kuwatofautisha wapangaji wake. Mwaka mzima aliniita kwa jina la mpangaji aliyenitangulia. Aliweza kupoteza miwani akiwa ameivaa. Alitoka pande za ziwa, ambako watoto hucheza majini kabla ya kutembea, na alikuwa anaogopa maji mengi. Tukivuka daraja la Ruaha Mdogo alishika shati langu na kutazama mbele. Maji aliyoyapenda ni yale yanayoenea kwenye kijiko. Akiona mtu anamwaga maji ya ndoo yaliyokaa, aliumia usoni kama aliyeona mtoto anachapwa. Siku moja Mama Atupele, kwa kufuata vizuri kabisa mafundisho ya bwana afya, alichemsha maji yote aliyoyakuta ndani ya nyumba, mitungi ya dirishani ikiwa ndani ya hesabu. Kisha akapika chai. Mwalimu alikaa mezani, akainywa ile chai mpaka mwisho, kama mtu aliye matangani.

Tena hakuwa akinywa pombe. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye kiti chake cha mbele. Lakini hakuna mlevi wa Iringa aliyevijua vichaka vya mianzi vya Kilolo kama yeye. Kule, mvua zinapoanza, watu hukata chipukizi la mwanzi na kulifungia kikombe cha mwanzi huohuo kiitwacho mbeta, utomvu ukadondokea humo na kuchacha wenyewe, ukawa pombe ya ulanzi. Msimu ukipita, mbeta nyingi husahauliwa zikining'inia, zikajaa maji ya mvua. Maji hayo ndiyo Mwalimu aliyoyafuata. Wazee wa kanisa wakaletewa habari kwamba mwenzao ameonekana Kilolo, tena na tena, amechungulia ndani ya mbeta kwa uchu, akatia kidole, akatabasamu. Walimwita. Aliwapelekea hadubini. Kila mzee alitazama kwa zamu, na baada ya hapo, alivyonieleza muuza vitumbua aliyesikia kwa mke wa mmoja wao, hakuna aliyemtuhumu tena kwa ulanzi, ila wazee wawili waliacha kunywa maji.

Katika mbeta hizo ndimo alimokutana na furaha yake kubwa, na kosa lake kubwa pia. Lakini siwezi kulieleza bila kumtaja kwanza baba mkwe wake, ambaye nitamwita Mzee wa Kalenga.

Mzee huyu alimtoa binti yake, akapokea ng'ombe wote wa mahari, lakini nyumbani kwa Mwalimu hakupata kukanyaga. "Nimempa binti yangu mtu anayefuga maji," alisema, na neno hilo lilifika mjini kabla ya maharusi. Mila ya kule ilimtaka mkwe mgeni azungumze na baba mkwe kupitia mshenga, mtu wa katikati anayepokea neno huku na kulipeleka kule, hata kama wote watatu wameketi pamoja. Kwa kawaida desturi hiyo hulegea mtoto wa kwanza akizaliwa. Atupele alikuwa ameshaanza shule, na babu yake alikuwa bado hajamwelekezea baba yake neno moja. Mama Atupele hakulalamika. Ila nilikuwa naona, kule ofisini kwangu, kwamba kila basi la Kalenga lilipokaribia kufika alipata sababu ya kupita pale. Alisimama kidogo, akawatazama abiria wakishuka mpaka wa mwisho, akanunua ndizi asizozihitaji, akaenda zake.

Sasa, mwaka mmoja baada ya mvua, Mwalimu alirudi Kilolo na kichupa alichokifunga kwenye leso kama yai. Alikaa dirishani mchana kutwa. Jioni alitoka uani, uso unawaka.

"Nimempata," alisema.

"Nani?" aliuliza Mama Atupele.

"Sijui. Hakuna anayemjua."

Alituchorea chini kwa kijiti. Ndani ya mbeta ile kulikuwa na wenye magurudumu wa kawaida, wale wa gamba, aliowajua kwa miaka. Lakini kati yao alikuwapo mdogo mno, mwenye mbio, anayepita kama mshale. Ana taji. Ana jicho jekundu. Hana kinu. Hana koo. Hana tumbo. Ndani yake mna kifuko kimoja tu, basi. Mwalimu, mtu wa taya kwanza, alikuwa amekutana na mnyama asiye na taya, na hakumwona katika kitabu chake chochote. Kwa maoni yake ulikuwa ukoo mpya kabisa.

"Na jina atampa nani?" aliuliza Mama Atupele.

"Aliyemwona kwanza. Nachora picha, naandika maelezo, yanakwenda kwa wataalamu Ulaya, yanapigwa chapa. Baada ya hapo jina halibadiliki tena, hata Mzungu haruhusiwi kuligusa."

"Unaweza kumpa jina lako?"

"Hapana! Hiyo ni aibu. Unampa jina la mahali, au la mtu unayemheshimu."

Mama Atupele aliendelea kuosha sufuria. Kisha, bila kuinua macho, akasema, "La Baba, je?"

Mwalimu alikiweka chini kijiti chake. Mkwe hatamki jina la baba mkwe wake. Hilo lilijulikana kwao Mwalimu, Rungwe, na kwao mkewe, Kalenga, vilevile. Lakini kuandika? Kuandika kwa Kilatini? Alilizungusha jambo hilo kichwani, nikaona linampendeza kila upande.

Nilitumwa mimi, kwa kuwa nilipanda mabasi bure. Mzee wa Kalenga alinisikiliza akichonga mpini wa jembe.

"Mnyama huyo ni mkubwa kiasi gani?"

"Mdogo, Mzee."

"Kama panya?"

"Chini ya panya kidogo."

"Anauma?"

"Hapana, Mzee. Ni mpole sana."

"Na jina langu litafutika lini?"

"Mwalimu anasema halifutiki."

Alichonga kwa muda. Kisha akasema, "Mwambie binti yangu nitakuja baada ya mavuno. Nitakaa kwake."

Nilipoleta habari hiyo, Mama Atupele aliingia ndani, akakaa peke yake, akatoka macho mekundu na kuanza kusema habari za chokaa. Nyumba ilipakwa chokaa. Kitanda kikafungwa kamba mpya. Mnyama mwenyewe hakuitwa kwa jina, kwani Mwalimu hakuweza kulitamka wala mkewe hakulitaja; ndani ya nyumba aliitwa Yule wa Baba. "Yule wa Baba yuko hai leo?" aliuliza Mama Atupele kila asubuhi, na mumewe alijibu kutoka dirishani. Mara nyingi alikuwa amekufa. Walikuwa wakifa upesi ajabu, na hilo lilipaswa kumshtua Mwalimu mapema.

Mavuno yalikuwa yanakaribia. Picha ilikuwa imekwisha, imebaki kutiwa kwenye bahasha. Siku hiyo ya Jumamosi nilikuwa uani napiga pasi shati, nikasikia Mwalimu anasema, "Hapana." Kisha tena, kwa sauti ya chini, "Hapana, hapana."

Alituita. Nilitazama kwanza. Niliona jike la kawaida, la gamba, limejishikiza kwa mguu, linasaga. Nyuma yake lilikuwa limebeba mayai, kama wabebavyo siku zote, lakini haya yalikuwa madogo kuliko yale niliyowahi kuonyeshwa. Moja lilikuwa linatikisika. Likapasuka, na ndani yake akatoka, kwa mbio zake zilezile, Yule wa Baba.

"Amezaliwa na huyu?" niliuliza.

"Ni mwanawe," alisema Mwalimu. "Ni dume lake. Miaka yote nimefundisha kwamba hawa wa mbeta hawana madume, kwa sababu mimi sikuyaona. Wana kifuko kimoja! Nilikuwa na taarifa mkononi. Wa kifuko kimoja madume huja mara chache, hali ya maji inapobadilika. Hayali kwa sababu hayana muda wa kula. Yanazaliwa, yanamtafuta jike, yanakufa. Si ukoo mpya. Ni mume tu."

Mama Atupele alikuwa hajatazama. Alisimama mlangoni, mikono ina unga.

"Bahasha ipo?" aliuliza.

"Ipo."

"Peleka."

"Mama Atupele, nimekuambia ni dume la—"

"Nimesikia. Peleka. Wataalamu watajibu lini? Mwakani? Watakataa wao. Baba atakuwa ameshakuja, ameshakula hapa, ameshalala. Watu wakishakula pamoja hawarudi nyuma. Na lawama ni ya Wazungu."

Nilimwona Mwalimu anapima. Si kitu kidogo alichoombwa, na aliyemwomba hakuwa mtu wa kuomba. Aliichukua bahasha, akaitazama, akaiweka tena mezani.

"Nitakuwa nimemdanganya kwa mkono wa mtu mwingine," alisema. "Na kila atakapoketi hapa nitakuwa najua kilichomleta."

"Basi hataketi," alisema Mama Atupele, akarudi jikoni.

Tulikwenda Kalenga kwa basi la asubuhi. Mzee alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, Mwalimu kwenye mkeka, ubavu ubavu, bila kumkabili, mimi katikati. Nimefanya kazi nyingi maishani mwangu, lakini mshenga wa mambo ya rotifera nimekuwa mara moja tu.

"Mwambie Baba nimekuja na kosa langu," alisema Mwalimu.

"Mzee, anasema amekuja na kosa lake."

"Mwulize ni kosa gani. Amempiga binti yangu?"

"Hapana! Mwambie hapana. Ni yule mnyama."

"Ni yule mnyama, Mzee."

"Amekufa?"

"Mwambie si aina mpya. Ni dume la aina ya kawaida, iliyojaa katika kila mbeta."

"Mzee, inaonekana yule mnyama ni dume."

"Hilo si kosa. Hata mimi ni dume."

Mwalimu alifuta jasho. "Mwambie hana mdomo."

"Hana mdomo, Mzee."

"Wala tumbo."

"Wala tumbo."

"Kazi zote ni za jike. Yeye hupita tu."

Nikalisema hilo nalo. Jikoni, nyuma ya ukuta wa matete, walikuwamo wanawake wa nyumba ile, mama mkwe wake Mwalimu akiwa kati yao. Nikasikia mtu anakohoa kwa namna ya mtu asiyekohoa, na ghafla kicheko kikawaponyoka wote, kikakatwa. Mzee hakucheka.

"Mwulize kama wataalamu wamekwisha kujua."

"Hawajui, Mzee. Picha haijapelekwa."

"Nani anajua?"

"Yeye, mkewe na mimi."

"Kwa hiyo angenyamaza, mimi ningekwenda."

Neno hilo Mwalimu hakungoja nimfikishie. "Ndiyo, Baba," alisema mwenyewe, moja kwa moja, akavunja mila, akainamisha kichwa.

Mzee alimtazama. Kisha akasimama, akachukua fimbo yake, akaingia ndani. Tulingoja mpaka basi likapiga honi. Mama mkwe alitoka na kikapu cha maharage, akaniwekea mimi miguuni, akasema ni ya mjukuu.

Mavuno yalipita. Mama Atupele aliendelea kufika kituoni saa ya basi la Kalenga, halafu siku moja akaacha. Kwa mumewe hakupandisha sauti. Alimpikia, akamfulia, akachemsha maji ya kunywa peke yake na kuacha ya dirishani. Mwalimu alirudi kwa wanyama wake. Darasani, nilisikia, aliwaambia wanafunzi wafute ukurasa wote wa madume, akaandika upya ubaoni, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: NILIKOSEA. Walilifurahia somo hilo kuliko yote aliyopata kuwafundisha. Mimi miguu ikaniwasha, nikaacha kazi kwa mara ya mwisho, nikaenda Makongolosi kuandika majina ya wachimbaji wa dhahabu.

Mwishoni mwa miaka ile nilipita Mbeya, wakati wa baridi, nikitafuta lori la kunipeleka nisikokujua. Niliambiwa Mwalimu alihamishiwa pale, na kwamba nyumba yake iko chini ya mlima Loleza, nimwulize mtu yeyote habari za mtu wa vichupa. Mama Atupele alinifungulia. Alikuwa amenenepa kidogo, na alinishika mikono yote miwili.

"Ingia taratibu," alisema. "Kuna mgeni."

Pale dirishani, amejifunga blanketi mpaka masikioni, jicho moja kwenye hadubini na jingine limefumbwa kwa nguvu zake zote, alikuwa Mzee wa Kalenga. Mwalimu alisimama nyuma yake, anarekebisha kioo.

Mzee aliinua kichwa. "Mshenga!" alisema. "Umechelewa. Huna kazi tena hapa."

Mama Atupele alinieleza jikoni. Hakuna barua, hakuna ujumbe. Siku moja baba yake alishuka tu kwenye basi na mfuko wa ulezi, akauliza kituoni nyumba ya mtu anayefuga maji, na alipofika mlangoni neno lake la kwanza kwa mkwewe lilikuwa, "Yuko wapi yule asiye na mdomo?" Sababu hakuitoa. "Na mimi siulizi," alisema Mama Atupele. "Kila mwaka anakuja msimu wa baridi, analalamika baridi, anakaa miezi."

Jua la Mbeya msimu ule haliaminiki, lakini siku hiyo lilikuwa limetoka vizuri, na wale wawili hawakutaka kulipoteza.

"Huyu anayesaga ndiye mke?" aliuliza Mzee.

"Ndiye, Baba."

"Hapumziki?"

"Sijamwona akipumzika."

"Na mumewe?"

"Msimu huu hayupo. Huja mara chache."

Mzee aliguna, akasimama kwa kujishika kiuno, akaja mezani, maana ugali na maharage vilikuwa vimeshatengwa. Tulinawa. Mwalimu alikuwa ameshakalia nafasi iliyoachwa, mgongo umetuelekea.

"Chakula, Mwalimu," aliita mkewe.

"Nakuja."

Hakuja. Mzee alimega tonge la kwanza, akalishika mkononi bila kulila, akautazama ule mgongo.

"Mwanangu," alimwambia binti yake, "mwekee mumeo chakula pembeni."

"Anakuja, Baba."

"Haji. Namwona. Mwekee." Kisha akapaza sauti ifike dirishani, sauti ya mzee anayemtania kijana wa nyumbani kwake, ambayo sikupata kuisikia kwake hata siku moja kule Kalenga: "Hata kama hana tumbo, mwekee!"

Mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua miwani, akamwacha mnyama wake akisaga peke yake, akaja kula.